Huyu Hulala Usiku

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne nikaacha, na hakuna aliyeniachisha. Bandarini walikuwa wanachukua vijana wenye mabega, na mabega nilikuwa nayo. Nilibeba korosho, nikabeba saruji, nikabeba na vitu ambavyo hata leo sijui vilikuwa nini. Baadaye nikapata lori bovu, nikalifufua, nalo likanizalia lori la pili. Nyumba yangu ya Magomeni, hii ya huku kusini, hakuna aliyenichangia hata tofali. Nayasema haya mapema ili anayesoma asije akadhani ni msomi anayemweleza habari za kompyuta. Naandika kwa sababu nilikaa mbele ya kompyuta hiyo nikamwona rafiki yangu akivuliwa heshima, na mimi niliyezoea kupata ninachokitaka nikashindwa kumtetea.

Rafiki yangu alikuwa muadhini wa msikiti wetu. Mtaa mzima ulimwita njomba, yaani mjomba, kama tunavyoitana huku kusini, lakini yeye alikuwa njomba wa wote, mpaka wa watu wazima kuliko yeye. Tulianza naye bandarini. Alikuwa mwembamba, gunia likimkalia mgongoni unamwonea huruma, ila sauti alikuwa nayo. Winchi inalia, malori yananguruma, yeye akiita "Pandisha" anasikika mpaka langoni. Mgongo ulipomkataa, imamu wa wakati ule akamchukua msikitini, akampa chumba cha pembeni kinachopakana na stoo ya majamvi, akampa na ufunguo wa msikiti. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto hawakujaaliwa. Kwa hiyo nyumba yake ilikuwa kile chumba, na kazi yake ilikuwa kutuambia kwamba wakati umeingia. Hivyo viwili ndivyo alivyokuwa navyo duniani.

Halafu koo lake likaharibika. Hospitali walitaja neno refu, mimi nikaelewa tu kwamba sauti inaondoka na hairudi. Katibu wa kamati yetu, mwalimu mstaafu anayependa mambo mapya, akamwahi. Alimrekodi adhana ya kawaida na ile ya alfajiri, siku ambayo koo lilikuwa limemhurumia kidogo. Muda si mrefu mtu wa heri akatupatia kompyuta kubwa iliyokuwa imeshatumika ofisini kwake, ile wanayoiita seva. Katibu akatukusanya kutueleza.

"Hii ni moja," akasema, "lakini ndani yake mna kompyuta tatu."

Nikamuuliza, "Zimepangwa kama sahani?"

"Hapana, mzee. Ni moja inayojifanya tatu."

"Kumbe ni tapeli."

Watu wakacheka, na katibu akacheka kwa adabu. Zile tatu za kujifanya, ya kwanza ilikuwa ya masomo ya madrasa, ya pili ya zahanati yetu ndogo pale uani, na ya tatu ya adhana. Hii ya tatu wakati ukifika inafungua spika yenyewe na kuitoa sauti ya njomba, msikitini kwetu na kwenye misala miwili ya jirani, vile vijumba vya kuswalia. Imamu wetu wa sasa akaweka sharti: ile ya spika ni tangazo tu, adhana yenyewe itaadhiniwa na mtu ndani, hata kama ni kwa kunong'ona. Njomba akawa ananong'ona. Nje watu wanamsikia wa zamani, ndani tunamsikia wa sasa.

Umeme wetu mnaujua. Mimi nikatoa betri, mwingine wa Mikindani akatoa sola. Fundi aliyefunga mitambo hiyo, ambaye sikumwona tena, alituambia ameirekebisha seva isile betri: ikikosa kazi inapumzika, inatumia umeme kidogo sana. Tukasema mashaallah.

Mwaka uliopita Ramadhani ikaingia na mvua. Mawingu kutwa, sola inapata mwanga wa kubahatisha. Siku moja ya mwanzoni mke wangu alinikuta natia udhu.

"Baba watoto, msikiti wenu umechelewa."

"Msikiti hauchelewi."

"Ng'ambo ya barabara wameshaadhini, simu yangu imeshaita, mimi nimeshasukutua mdomo. Nyie kimya. Jirani yako hapo bado anatafuna, nimemwambia wakati umeingia, ananijibu, 'Njomba hajaita.'"

Nikampuuza. Nilidhani ng'ambo ndio waliowahi, kwa sababu ng'ambo wana haraka ya kila kitu. Lakini kesho yake jambo likawa lile lile, na keshokutwa, na safari hii nilitoka nje mwenyewe nikasikiliza. Ng'ambo wakaadhini. Nikatazama simu. Kwetu spika imelala fofofo. Nikasimama pale barazani na mvua inachuruzika kwenye bati mpaka nikachoka kusubiri, ndipo sauti ya njomba ikatoka, nzuri, imenyooka, na imechelewa.

Asiyefunga hataujua uzito wa jambo hili. Watu wa mtaa wetu hawakuwa wanatazama saa. Walikuwa wanakula daku wakisubiri sauti ile, kama walivyofanya tangu ilipokuwa ikitoka kooni mwa mtu. Imamu alipoulizwa hakuzunguka: aliyekula alfajiri imeshaingia, hata kama alidhani bado ni usiku, siku hiyo ataifunga tena baada ya Idi. Na siku zenyewe ni zipi? Hakuna aliyejua. Wanawake ndio waliochemka zaidi. Mke wangu alimwambia imamu usoni, "Shehe, sisi tuna zetu za kulipa kila mwaka, tunazijua. Hizi za spika ni za nani?"

Kamati ikakaa baada ya Alasiri. Tukaingia chumba cha seva, katibu akafungua ile kompyuta ya adhana, tukaweka simu zetu pembeni yake. Saa ilikuwa sawasawa. Tukarudi kesho yake Adhuhuri. Sawasawa. Adhana za mchana zote zilikuwa zinatoka kwa wakati wake, na Magharibi watu walikuwa wanafuturu pamoja na mji mzima. Ni alfajiri peke yake iliyokuwa inachelewa.

Katibu akavua miwani. "Hapa pana mkono wa mtu. Saa inarudishwa nyuma usiku, asubuhi inarekebishwa."

Hakuna aliyeuliza ufunguo anao nani. Tulikuwa tumekaa naye kwenye jamvi moja.

Njomba akanong'ona, "Mimi hata kuiwasha sijui."

"Kuharibu hakuhitaji kujua," akasema mjumbe mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Halafu akalainisha sauti, na mimi kulainisha kule ndiko kulikoniudhi. "Njomba, sisi tunaelewa. Mtu akinyang'anywa kazi yake na mashine, moyo unauma. Tunaelewa kabisa."

Nikasema, "Wewe unaelewa nini? Umemwona?"

"Sijamwona, mzee."

"Basi huelewi. Unadhani."

"Nilimwambia katibu," njomba akasema. Tukainama ili tumsikie. "Siku ya kwanza kabisa. Nilisikia ng'ambo wameadhini, kwetu bado. Nikamwambia asubuhi yake. Akasema tufuate mashine."

Wote tukamtazama katibu.

"Sikumbuki," katibu akasema.

Sijui kama alidanganya. Mtu mwenye shughuli nyingi huambiwa mambo mengi asubuhi. Lakini neno lile likawa ukuta, na njomba hakuwa na sauti ya kuupigia kelele.

Nikasema nitaleta fundi wangu. Kule bandarini, kwenye ofisi za mawakala wa forodha, yuko bwana mmoja wa bara anayeshughulika na kompyuta zao. Nimeshamsafirishia mizigo, ananiheshimu, na hana ndugu Magomeni. Alikuja mchana, akaikuta saa sawasawa kama sisi. Hakushtuka. Akauliza swali moja tu, "Intaneti inapatikana saa ngapi?"

Ustadhi wa madrasa akajibu kwamba intaneti ni ya bando lake. Anaiwasha asubuhi akija kufundisha, akiondoka anaondoka nayo.

"Na usiku?"

"Usiku nani ataisoma?"

Fundi akaomba aiache mashine usiku ule ijiandikie yenyewe: saa ya kompyuta kubwa huku, saa ya ile ya ndani kule. Kesho yake jua lilipokuwa juu akaja kusoma. Nilikuwepo, nimekaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, na katibu alikuwa mlangoni anaongea na simu, anaingia na kutoka. Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika ukumbini kusubiri Adhuhuri, na masikio yao yote yalikuwa huku.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu rafiki yangu aliangamia hapa, kwa neno dogo kuliko punje ya ulezi.

Mafundi wana lugha yao. Gari kwao si hili, ni huyu. Huyu anachemka, huyu anakunywa oili, huyu amechoka. Mimi nimeishi na mafundi wa malori, siioni kuwa ajabu. Na fundi wa kompyuta ni fundi vile vile. Akaweka kiganja juu ya seva kama mtu anayempapasa ng'ombe, akasema:

"Huyu analala, mzee. Usiku akiona hana kazi, analala. Si ugonjwa, ndivyo alivyowekwa, anatunza betri. Anafumba na kufumbua mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Kila akifumba, yule wa ndani anayemtegemea amhesabie wakati hahesabiwi. Akifumbua, anaendelea palepale alipoishia, hana habari kwamba dunia imesogea. Kidogo kidogo, alfajiri inamkuta yuko nyuma. Asubuhi ustadhi anakuja na intaneti, saa inajirekebisha kutoka nje. Mkija nyie mchana, mnamkuta msafi."

"Na mchana halali?"

"Mchana ana kazi. Watoto wa madrasa wanamsumbua, zahanati inamsumbua. Hata nyie mkija kumchungulia, mnamwamsha."

Nilimwelewa kabisa, wala sikuhitaji shule. Bandarini tulikuwa na karani wa kuhesabu magunia yanayopanda melini. Karani akisinzia, magunia hayasimami. Akizinduka anaendelea na namba aliyoishia nayo, anaandika kwa uhakika, na mwandiko wake ni mzuri. Mkubwa akipita, anamkuta macho makavu. Kosa lake utalijua meli ikishaondoka.

Nikacheka kwa furaha. Nilidhani tumemaliza.

Nje mtu mmoja alimuuliza katibu, "Fundi anasemaje?"

Katibu, simu bado iko sikioni, akamjibu, "Anasema huyu analala. Usiku analala, asubuhi anajirekebisha, sisi tukija tunamkuta msafi."

Mpaka tunatoka kuswali, mtaa ulikuwa umeshahukumu. Huyu. Nani mwingine angekuwa huyu? Sauti inayochelewa ni ya njomba, ufunguo ni wa njomba, usiku msikitini analala njomba. Na sasa fundi wa kuletwa, mtu asiye na upande, amesema analala. Jana alikuwa mchawi wa saa, leo akawa mvivu, na wengine wakayashika yote mawili kwa pamoja bila kuona kwamba hayashikani.

Nilimwendea katibu palepale. "Kasahihishe. Fundi alisema mashine."

"Mzee, mimi nimesema alivyosema."

"Alisema huyu, maana yake mashine."

"Mashine ni hii, mzee," mwalimu mstaafu akanijibu, na alikuwa ananifundisha. "Huyu ni mtu."

Alasiri nilisimama mbele ya jamaa wote nikaeleza. Nikawapa mfano wa karani na magunia. Sijawahi kuzungumza vizuri vile, na nimezungumza na mabenki. Mmoja wa nyuma akauliza, "Mzee, hiyo mashine ikilala inajifunika shuka?" Msikiti ukacheka, msikiti mzima, ndani ya Ramadhani. Imamu akawanyamazisha. Waliobaki kunisikiliza walielewa, nawapa haki yao. Lakini hata hao mmoja wao aliniambia, "Sawa, mashine ililala. Na yeye aliyekuwa karibu nayo, hakuwasikia ng'ambo?" Nikasema aliwasikia, akamwambia katibu. Akasema, "Katibu hakumbuki." Tukarudi ukutani.

Fundi wangu alifanya alichoweza. Aliizuia mashine isilale. Alfajiri mbili saa ilikwenda vizuri, na alfajiri ya tatu, baada ya mawingu ya kutwa na umeme uliokatika jioni, betri zikaisha kabla ya wakati. Spika zikanyamaza kabisa. Safari hii watu hawakuchelewa kuacha kula, waliamshwa na jua. Kamati ikaamua irudishwe ilivyokuwa, ilale. Fundi akasema kipo kifaa kidogo cha kuipa saa usiku hata bila bando, akaeleza kinavyofungwa. Kamati ikasema italiangalia suala hilo. Na alfajiri kila mtu afuate simu yake.

Mimi nilisema njomba aadhini kwa kipaza sauti, hata kwa mnong'ono wake. Imamu alitaka. Wengine wakasema watu hawatamwamini.

Palikuwa na genge la chai karibu na stendi ya bodaboda, ambapo jioni baada ya futari tulikuwa tunakaa. Nilimchukua njomba twende, ili aonekane yuko nami. Tulikuwa hatujaagiza, kijana wa bodaboda akamgeukia.

"Njomba, ile ya alfajiri inasemaje vile? Sala ni bora kuliko nini?"

Wenzake wakaangalia chini, mabega yanacheka.

Njomba hakuona kwamba anadhihakiwa. Miaka yote watu walimuuliza mambo ya ibada naye aliwajibu. Akainamia mbele ili kijana amsikie, akanong'ona kwa upole, "Kuliko usingizi, mwanangu."

Nilimtukana kijana yule tusi la bandarini ambalo sijalitumia tangu nimekuwa na wajukuu. Halikusaidia. Njomba alinitazama mimi, akawatazama wao, ndipo akaelewa. Sikuwahi kumwona mtu akielewa jambo polepole vile. Akanywa chai yake yote, akashukuru. Kesho yake akamkabidhi imamu ufunguo, akapanda bodaboda na mfuko mmoja kwenda Mpapura kwa dada yake.

Idi ikapita. Watu wakaanza kulipa siku zao, kila mtu na hesabu yake ya kukisia, na kila aliyefunga peke yake wakati wenzake wanakula alikuwa na la kusema juu ya njomba. Mashine haina uso, huwezi kuikasirikia ukashiba.

Nilikwenda kwenye kila kikao. Nilitaka kitu kimoja, kamati iseme mbele ya watu kwamba yule mtu hakufanya kosa. Mstari mmoja tu baada ya Ijumaa. Kikao cha mwisho mjumbe wa duka la vifaa akasema, "Mzee, tusivute jambo. Ni mtu mzima, ametutumikia. Tumesamehe. Mwambie arudi, chumba chake kipo." Wote wakaitikia. Walikuwa na nyuso za watu waliofanya wema. Nikabishana mpaka imamu akanishika mkono. Nikaona heri apate chumba kuliko kukosa vyote, mtu akalale kwake.

Nikaendesha mwenyewe mpaka Mpapura. Nilimkuta anapalilia muhogo nyuma ya nyumba ya dada yake, kanzu ameikunja kiunoni. Alikuwa amepungua. Dada yake akatutandikia mkeka, akatuletea maji, akakaa pembeni.

"Wanataka urudi," nikamwambia.

Uso wake ulifunguka, nakiri hivyo. Akajipangusa mikono kwenye kanzu.

"Wamesema?"

"Wamesema."

"Wamesemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Sijui kudanganya, na nilikuwa najivunia hilo. "Wamesema wamekusamehe."

Kuku walikuwa wanapekua kwenye udongo aliokuwa ameutifua.

"Wamenisamehe nini?"

"Njomba, ni neno tu. Twende."

"Ni neno, ndiyo." Nilisogea ili nimsikie. "Nikirudi kwa neno hilo, nimelikubali. Nitakaa pale nimesamehewa mpaka nife. Na hao wanaolipa siku zao, kila nikipita watasema, ndiye huyu."

"Mimi najua hukufanya."

"Wewe unajua." Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kitu kidogo na hataki kumvunja moyo aliyempa. "Waambie ahsante. Waambie msamaha wao wampe mwenye kosa."

Dada yake akasema, "Mzee, mwache amalize tuta lake, mvua inakuja."

Akarudi shambani. Nilikaa mkekani kidogo, kisha nikaona nawazuia, nikaondoka.

Jioni nikapeleka jibu kwenye kamati kama lilivyo, sikupunguza neno. Walinisikiliza mpaka mwisho. Mjumbe wa duka akatikisa kichwa. Katibu akavaa miwani yake, akasema kwa masikitiko, na naamini alisikitika kweli:

"Basi ndiyo hivyo. Angekuwa hana kosa, angerudi."

Wengine wakaitikia. Nikatoka, nikavaa viatu.